“Mwangalieni mtoto” si kumkabidhi mtu mtoto

Katika nyumba yenye watoto watano, sita au zaidi, agizo linalosikika mara nyingi kwa siku ni “Mwangalieni mtoto!” Mama analitoa akielekea jikoni, baba akiwa anavaa viatu atoke. Kasoro yake iko kwenye herufi tatu za mwisho, ile -eni. Wameambiwa wote, kwa hiyo kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyeitika. Wa kwanza anarudi kwenye daftari lake, wa pili kwenye mpira, wa tatu hakusikia kabisa. Mdogo aliyeanza kutembea majuzi anabaki peke yake ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Mimi nashikilia kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu akabidhiwe kwa jina, kwa muda unaojulikana, kwa mtu anayeiweza kazi hiyo. Na yapo mambo ambayo hakabidhiwi mtoto mwenzake hata siku moja.

Kukabidhi kwenyewe hakuchukui hata nusu dakika. Taja jina, subiri aitike, hakikisha ameacha alichokuwa akifanya na amesogea alipo mdogo wake. “Dada, mtoto unaye wewe mpaka niepue sufuria.” “Sawa mama, ninaye.” Penye makosa zaidi ni kumpokea tena. Dada anamwona mama ametoka jikoni, anajiondokea; mama anadhani dada bado yupo. Kwa hiyo anayempokea naye aseme kwa sauti: “Nimemchukua, nenda.” Kwa maoni yangu, mtoto wa miaka 6 acheze na mdogo wake mzazi akiwaona kwa macho. Wa miaka 9 au 10 anaweza kuachiwa robo saa mzazi akiwa karibu kiasi cha kusikia. Zaidi ya hapo umakini unamwisha, na si kosa lake.

Sasa maji, maana hapa hakuna pa kubahatisha. Kichwa cha mtoto huyu ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ukingo wa ndoo anatanguliza kichwa, na mikono yake haina nguvu ya kumrudisha juu. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumziba pua na mdomo. Hapigi kelele wala hapigi maji kwa fujo, anazama kimya. Familia kubwa hufua sana, na nguo zikishaanikwa ndoo ya suuza inabaki pale pale kwa sababu kila mfuaji anaiona ni ya mwenzake. Kanuni ninayoitetea ni fupi: wa mwisho kuitumia ndoo ndiye anayeimwaga na kuifudikiza chini. Kumwogesha mtoto kubaki kazi ya mtu mzima. Maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, yakorogwe, kisha yapimwe kwa kiwiko kabla mtoto hajaingia.

Hatari ya pili huletwa na ndugu wakubwa wenyewe bila kukusudia. Ni vitu vyao: shanga, sarafu, sumaku ndogo, vifuniko vya kalamu, betri bapa za duara za saa na vya kuchezea. Chukua kile kibomba cha kadibodi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto, kwa hiyo makazi yake ni boksi lenye kifuniko, juu ya rafu asiyoifikia hata akipanda kiti. Betri ina hatari ya peke yake. Ikikwama kwenye umio huanza kuunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili, hata kama ni ile mliyoitoa kwa sababu haiwashi kitu tena. Ukishuku ameimeza, usimtapishe wala usingoje dalili. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna pia upendo wa kumgawia. Kaka ana karanga, anamtilia mbili mdomoni. Lakini magego ya kwanza huota kati ya miezi 13 na 19 hivi, ya pili hukawia mpaka miaka miwili au zaidi, na hata yakishaota mtoto bado hajui kusaga sawasawa huku akicheka na kukimbia. Karanga nzima na pipi ngumu zingoje mpaka afike miaka minne au mitano. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu. Kila ndugu aifahamu sheria hii: mdogo halishwi akiwa anatembea, na hapewi kitu kabla mtu mzima hajaulizwa.

Jambo moja halisemwi vya kutosha, nalo ni kumvuta kwa mkono mmoja. Ndugu wakiwa na haraka humnyanyua kwa kiganja, au wawili wakamshika huku na huku wakambembeza. Kano inayoushika mfupa wa kiwikoni bado imelegea katika umri huu, na mfupa huchoropoka kidogo. Utamsikia analia ghafla, kisha ananyamaza lakini mkono ameuacha unaning'inia, hautumii, na huoni uvimbe. Asinyooshwe nyumbani. Mhudumu wa afya anayeijua hali hiyo huurudisha kwa muda mfupi sana. Wafundisheni watoto wote, hata wa miaka mitano, kumnyanyua kwa kumshika makwapani.

Wakubwa nao wana malalamiko, na naona wana haki. Daftari limechanwa, mnara wa vibao umeangushwa, na jibu la nyumbani ni “Mwachie, yeye ni mdogo.” Ni kweli chini ya miaka mitatu mtoto hajaelewa kugawana, akinyang'anya hana ubaya moyoni. Lakini kumnyima mkubwa kitu chake kila siku kunamfanya amchukie asiye na hatia. Mpeni kila mmoja sehemu ya juu ambayo mdogo haifiki. Wakitaka kumpokonya kitu, wamwekee kingine mkononi kwanza, ndipo wavute kile cha kwanza taratibu. Akiuma, mhudumieni kwanza aliyeumwa, mwambieni mdogo “Hapana, inauma,” basi. Kumwuma na yeye ili aonje kunamfundisha kwamba kuuma kunaruhusiwa.

Wakubwa wengi hupenda pia kumsemea. Ananyoosha kidole tu, tayari watu watatu wameleta kikombe. Wazoeeni kuhesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kumpa, halafu wakitaje: “Maji. Unataka maji.” Akifika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili kama “mama njoo”, apelekwe akapimwe masikio na usemi. Kusingizia kwamba ana kaka na dada wengi wa kumsemea ni kumchelewesha.

Usingizi nao usisahaulike. Kati ya mwaka mmoja na miwili anahitaji saa 11 hadi 14 katika saa 24, pamoja na ule wa mchana. Vurugu nyingi za jioni, kugaragara chini na kulilia kitu kisichojulikana, ni za mtoto aliyekosa kulala mchana kwa sababu ya kelele za wakubwa.

Mwisho, andikeni majina. Karatasi ukutani, nani alimshika mtoto na saa ngapi, kwa wiki moja tu. Katika nyumba nyingi jina litakalojaa ni la binti mkubwa, yule yule mwenye kazi ya shule isiyokwisha. Jina lake lipunguzwe wiki inayofuata, na la baba na la kaka zake yaongezwe.