Bomba likae nje, wanaocheka wacheke

Nilihamia kwangu Mwahako mwezi wa nane mwaka jana, nyumba mpya kabisa, rangi bado inanukia, na kufika mwezi wa kwanza ukuta wa korido nyuma ya bafu la wageni ukaanza kuvimba. Mwanzo kidoa tu, kama mtu kaegemea na shati bichi, baadae rangi ikajikunja kama ngozi ya maziwa, chini kabisa ikatoka chumvi nyeupe ile unaikwangua kwa ukucha.

Sasa hapa kwetu Tanga ukisema ukuta unatoa jasho jibu liko tayari: bahari hiyo. Fundi rangi akasema bahari, jirani akasema ulijengea mchanga wa chumvi, mama mkwe akasema nyumba haijasomewa (wakati dua tulisoma na pilau yeye mwenyewe alikula). Mi nikaikubali bahari maana bahari haidai hela. Tukakwangua, tukapiga skimu (ule upako laini wa chini ya rangi) upya, rangi mikono miwili, 180,000 ikaenda, wiki tatu nyingi kidoa kikarudi palepale na kimenenepa. Tanga waja leo waondoka leo, ila yale maji yalikuja yakakaa.

Kilichonizindua ni kaskazi. Jua linawaka, nguo hazimalizi saa kwenye kamba, halafu katika nyumba nzima ukuta mmoja tu ndo umelowa? Bahari gani hiyo inachagua ukuta.

Usiku huo nikafunga koki zote na maji yanayopanda kwenye simtanki, nikamwambia mke wangu hakuna kuflashi mpaka asubuhi, mwenye dharura ndoo ipo, nikaenda kusoma mita kwa tochi ya simu. Saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri zikapita lita 63. Hakuna hata mtu aliyekunywa maji. Ni lita 9 kwa saa, na yuniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo kila mwezi nilikuwa nalipia yuniti 6 na zaidi za kuunywesha ukuta.

Fundi bomba nikampigia, akaniapia, bosi nilitesti na hapakuvuja. Na kweli alitesti, ila kwa maji ya simtanki! Simtanki langu limekaa kwenye mnara wa mita 3, na maji yanahitaji kimo cha kama mita 10 ndo yatoe presha ya baa 1, kwa hiyo kipimo chake kilikuwa baa 0.3, hapo hata jointi iliyobandikwa kwa mate inafaulu. Usiku watu wamelala, hakuna anayechota, maji ya mtaani yanapanda nguvu, ndo jointi inasema ukweli. Kutesti ni unafunga ncha zote, unapiga presha kwa kapampu ka mkono kenye geji mpaka baa 10, unaacha masaa, sindano isishuke, na hii yote kabla plasta haijagusa ukuta. Sikumdai hicho kipimo. Taa za jipsamu nilizidai, tena kwa makelele.

Tukavunja. Grenda, tindo, vumbi mpaka kwenye sufuria, na mwishowe tukaikuta elbo moja, ile kona ya bomba, ya PPR (bomba la plastiki) haikuiva, zile zinachomwa na mashine kwenye digrii kama 260 ili bomba na elbo viyeyuke viwe kitu kimoja, hii ilishikana upande mmoja tu. Fundi akakumbuka siku ile umeme ulikuwa unakatikakatika. Elbo yenyewe haifiki buku mbili, lakini tailizi za rangi ile dukani hazipo tena, kwa hiyo bafu la wageni sa hivi lina viraka sita.

Ndo nikaamua. Ile laini ya ukutani nimeikata na kuiziba, bomba jipya linapita nje, ukuta wa nyuma, linaingia ndani pale tu penye koki. Nyumba za zamani za Ngamiani, hapahapa mjini, utaona bomba limebanwa na klipu juu ya ukuta, tulikuwa tunaziona za kishamba, kumbe ikivuja asubuhi mchana ushaiona na fundi anaziba bila kugusa tofali. Jua linaila PPR, hilo sibishi, ndo maana nimelipaka rangi na kulipitisha chini ya paa kwenye kivuli. La chuma sikutaka, kwa hewa hii ya chumvi litaliwa na kutu.

Rafiki zangu wanasema nyumba nimeifanya kama godauni. Sawa tu.

Korido sijaipaka bado, naacha ukuta ukauke mpaka masika ipite. Mke wangu kasogeza kabati la viatu pale kuuficha, nikalirudisha lilikokuwa. Nataka niuone kila nikipita.