Udugu wa Alpha na mlango wa kuuingilia

Mei 1942, Elmer Henderson, mtumishi wa serikali ya Marekani, alikuwa ndani ya treni akitoka Washington kwenda Birmingham kikazi. Akaingia behewa la chakula. Kwa utaratibu wa shirika la reli, abiria weusi walitengewa meza mbili za mwisho, karibu na jiko, nyuma ya pazia. Jioni ile wazungu walikuwa wameshakaa hata kwenye meza hizo, na kiti kilichobaki wazi hakuruhusiwa kukikalia. Alirudi tena, akarudishwa tena. Saa tatu usiku behewa lile likaondolewa kwenye treni, naye hajahudumiwa.

Kesi yake ilichukua miaka minane. Wakili wake alikuwa Belford Lawson, na gharama zilibebwa na chama cha udugu wa wanachuo weusi kiitwacho Alpha Phi Alpha, ambacho Lawson alikuwa rais wake. Juni 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kuwatenga abiria namna ile kunavunja sheria ya usafiri wa kati ya majimbo. Pazia likaondoka, na hakuna abiria aliyeulizwa kama amesoma chuo.

Nimeanza na pazia kwa sababu wengi wetu udugu huu tunaujua kwa video tu: vijana waliovaa nyeusi na dhahabu, wakipiga miguu chini kwa mpangilio na kupaza salamu zao. Wengine wanaujua kwa habari za vifo. Vyote viwili vipo, lakini havitoshi kuuelewa.

Ulizaliwa Desemba 1906 Chuo Kikuu cha Cornell, mji wa Ithaca, jimbo la New York. Wanafunzi weusi walikuwa wachache mno, na wale sita waliosoma hapo mwaka wa masomo wa 1904/05 hakuna hata mmoja aliyerudi mwaka uliofuata. Bweni hawakupata, wa kusoma naye hawakumpata. Waliowafuata wakaanza na kikundi cha kujisomea, na baadhi yao walikuwa wakitumikia mezani kwenye nyumba za udugu wa wanafunzi wazungu. Saba kati yao ndio wanaoheshimiwa hadi leo kama waasisi. Henry Callis alikuja kuwa daktari, Vertner Tandy msanifu majengo mashuhuri wa Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, Eugene Kinckle Jones kiongozi wa National Urban League, shirika la kutetea weusi wa mijini. Kwa hao, udugu ulikuwa njia ya kubaki chuoni.

Kutoka hapo wakatazama nje. Walihimiza vijana waende sekondari na chuo, na miaka ya 1930 wakaanza kampeni ya uandikishaji wapiga kura yenye kaulimbiu kwamba watu wasio na kura ni watu wasio na tumaini. Mwaka 1935 udugu huo ulisukuma kesi ya Donald Murray, aliyekataliwa na shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland kwa sababu ya rangi yake. Thurgood Marshall, mwana Alpha aliyekulia Baltimore, jimbo hilohilo la Maryland, na ambaye naye shule ile isingempokea, alikuwa miongoni mwa mawakili. Murray akaingia, na mwaka 1938 akahitimu. Sanamu ya Martin Luther King Jr., aliyejiunga na Alpha akiwa mwanafunzi Boston mwaka 1952, imesimama Washington tangu 2011 kwa wazo na msukumo wa udugu huo.

Wanaokosoa nao wana hoja. Tangu zamani wapo wanaosema huu ni udugu wa waliosoma na wenye uwezo, wa karamu na majina makubwa. Mwanasosholojia E. Franklin Frazier alililaumu tabaka hilo kwa ukali miaka ya 1950. Nakubaliana naye nusu. Ada na karamu zinawaacha wengi nje, lakini fedha zilizokusanywa ndani ya uzio huo ndizo zilizomlipia Henderson.

Jambo linaloniuma ni mlango wa kuingilia. Oktoba 1989 mwanafunzi wa Chuo cha Morehouse, Atlanta, alifariki akiwa katika mchakato wa kujiunga na Alpha. Mwaka uliofuata vyama vya udugu vya Wamarekani weusi vikafuta rasmi ule utaratibu wa zamani wa kumtumikisha mgeni kwa wiki nyingi. Ukahamia gizani. Februari 2025 mwanafunzi wa Southern University, Baton Rouge, alifariki akiwa anajiunga na udugu mwingine, Omega Psi Phi. Polisi walisema alipigwa ngumi kifuani kwa glovu za ndondi, ndani ya ghala. Vyama vya wazungu navyo vinaua, tena mara nyingi kwa pombe, lakini hilo halimfufui mtoto wa mtu.

Wanaoutetea ukali huo husema dhiki ya pamoja hufunga watu, na anayepita njia rasmi tu humwita mwanachama wa karatasi. Naielewa lugha hiyo. Nami nimewahi kuwa njuka bwenini, nikaamshwa usiku kufua mashuka ya wakubwa, na mwaka uliofuata niliona wenzangu wakiwafanyia wadogo vilevile, wakiapa kuwa ndiyo malezi. Hata jandoni mwari ana kungwi anayewajibika kwake, na kijiji kizima kinajua yuko wapi. Ghalani usiku, nyuma ya mlango uliofungwa, hakuna kungwi.

Na kama kipimo cha undugu ni kipigo, basi wale saba wa Cornell ni wanachama wa karatasi. Hapakuwa na mkubwa wa kuwapiga. Waliingia kwa kukaa meza moja na kusoma.