Siku Tuliyokwenda Benki Kuomba Msamaha

Nilipoanza kutunza vitabu vya hesabu katika depo moja ya saruji na mabati pale Kadutu, mjini Bukavu, nilijiamini kuliko diploma yangu ilivyoruhusu. Mama mwenye depo alinikabidhi leja kuu, yaani daftari la akaunti zote, na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, akanionya nisimsumbue kwa maneno ya shule. Alichotaka ni kujua, kila mwisho wa mwezi, fedha zake ziko wapi.

Kazi yenyewe haikunitisha: kila tukio la fedha huandikwa mara mbili, debiti upande wa kushoto wa akaunti moja na krediti upande wa kulia wa nyingine, na kila akaunti ina namba yake. Saruji ikiuzwa kwa fedha taslimu, niliandika debiti katika akaunti 571, yaani kasha la fedha tunaloliita kese, na krediti katika 701 ya mauzo. Fundi akichukua mabati kwa deni, debiti ilikwenda 411 ya wateja badala ya kese. Na lori likishusha mifuko ambayo hatujailipia, niliandika debiti 601 ya manunuzi na krediti 401 ya wanaotudai. Hata leo sioni kosa hapo. Balaa lilitoka benki.

Kila Jumatatu nilipeleka benki dola 600, na kila mara taarifa ya benki ilionyesha dola hizo katika safu ya krediti. Mimi ni nani hata nibishane na benki? Nikaandika krediti katika 521, ambayo ndiyo akaunti yetu ya benki, na kwa kuwa krediti haiandikwi bila debiti yake, debiti nikaitupia kese. Nilisahau kwamba benki huandika ikiwa imekaa upande wake wa meza: fedha zetu kwake ni deni inalodaiwa, kwa hiyo huziweka krediti, ilhali kwetu sisi ni mali, na mali ikiongezeka huandikwa debiti.

Jumatatu nne zikapita. Nikapiga urari, yaani nikajumlisha pande zote mbili za leja, debiti na krediti zikalingana hadi senti ya mwisho, nikapiga na mluzi, kwani sikufikiri kwamba maandishi yaliyogeuzwa pande zote mbili hulingana vizuri kama yale ya kweli. Nikamwarifu Mama kwamba kese ina dola 5,100 na kwamba benki inatudai 1,400.

Mama akafungua kese. Ndani zilikuwamo dola 300 na nusu ya biskuti, ambayo kwa bahati hakuna aliyeuliza ni ya nani. Aliyeitwa kwanza ni mlinzi, mzee wa watu, ambaye alimwaga mifuko yake yote mezani bila kusema neno: rozari, tumbaku na ufunguo wa baiskeli aliyokwisha kuiuza.

Lakini kilichomnyima Mama usingizi ni lile deni la benki. Asubuhi alivaa kitenge chake cha harusi, akanibebesha leja, tukaenda. Mbele ya karani alieleza kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mjane, kwamba biashara ni ngumu, na kwamba angelipa kidogo kidogo iwapo wangemvumilia. Karani alitazama kompyuta, akauliza jina la depo mara ya pili, kisha akasema, "Mama, hapa kuna dola 3,400 zenu. Sisi ndio tunadaiwa na ninyi."

Mama hakumjibu. Aligeuka akanitazama mimi, kisha leja, kisha mimi tena.

Nikatoa 300 katika 5,100, nikapata 4,800, mara mbili kamili ya dola 2,400 nilizokuwa nimepeleka. Palepale, nikiwa nimesimama, nikaandika kwa kalamu nyekundu debiti 521 na krediti 571 za dola 4,800, nusu ya kufuta ujinga wangu na nusu ya kuandika ukweli.

Tuliporudi nikamwomba mlinzi radhi na kumnunulia soda. Nilipoishika tena kalamu, Mama aliniwahi: "Hiyo usiiandike popote, mwanangu. Inatoka mfukoni mwako."