Mpiga biti asimame mbele

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anatengeneza biti za singeli, ule muziki wa kasi wa mitaani Dar, chumbani kwake Mbagala. Ana kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika, kazi nayo imekatika. Kuna wimbo mmoja alioutengeneza ulishika sana mtaani kwetu. Bajaji ikipita unausikia, ukienda kwenye harusi unaukuta, watoto wanauimba wakiruka kamba. Promota mmoja akamwita MC wa wimbo ule, yaani anayeuimba, kwenye shoo yake. Mdogo wangu aliandamana naye, kompyuta mgongoni, akapangiwa kukaa nyuma ya spika pamoja na fundi wa jenereta, na shoo ilipoisha akapewa nauli. Kwenye bango jina lake halikuwemo. Mimi nilikuwepo, na hasira ya usiku ule sijaimaliza.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka Jinja, Uganda, kwenye tamasha la Nyege Nyege, Septemba 2022. Basi kutoka Dar hadi Nairobi, lingine hadi Busia, kisha upande wa Uganda nikaunganisha. Mama nilimuaga kwa kumwambia naenda kwenye muziki, basi, kwa sababu Nyege Nyege si jina ambalo Mswahili analitamka mbele ya mzazi wake. Kwa Waganda neno hilo ni ile hamu inayokushika ghafla mpaka mwili unacheza bila kukuuliza. Hata hivyo jina limewasumbua hata kwao. Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia tamasha siku chache kabla halijaanza, baadaye serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mwaka ule nilioenda mimi, Bunge nalo lilikuja juu, mpaka Waziri Mkuu Robinah Nabbanja alipotoa ruhusa, nayo ikiwa na masharti yake. Tiketi ya basi niliikata katikati ya mabishano hayo, nikiomba Mungu.

Tamasha hili lilianza mwaka 2015. Mwaka wa safari yangu lilifanyika siku nne, tarehe 15 hadi 18, kwenye maporomoko ya Itanda, nje ya mji wa Jinja, mahali ambapo Mto Nile unanguruma usiku kucha na muziki ukinyamaza kidogo tu unausikia. Sitaeleza kila kitu. Nitaeleza mambo mawili niliyoyaona.

La kwanza ni embaire. Hii ni marimba ya Wasoga, yenye vipande vikubwa vya mbao vinavyolazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na shimo ndilo linaloipa sauti kifua. Wanaume wanajipanga pande zote mbili wakigongea ala moja, kila mmoja ana kipande chake kidogo cha mdundo, na ukisikiliza peke yake hakina maana. Vikiingiana, unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Nilisimama pale nikamkumbuka mdogo wangu, maana hicho ndicho anachofanya kwenye kompyuta: vipande vifupi vinne au vitano, kila kimoja kinajirudia, na wimbo unazaliwa katikati yao.

La pili ni kijana wa Dar. Aliletewa meza, ikawekwa katikati ya jukwaa, mbele kabisa. Akafungua kompyuta yake, taa zote zikamwelekea. Hakuwa na MC. Alipoachia biti ya kwanza watu walishtuka kidogo, kwa sababu singeli inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika na mwili usiouzoea haujui uanzie wapi. Dakika mbili tu, uwanja mzima ukawa unaruka. Vidole vyake vilikuwa vinacheza kwenye kibodi kama vya mpiga kinanda, anakata, anarudisha, anaongeza kasi, anaacha kimya cha nusu sekunde halafu anawamwagia tena. Yule mtu ambaye kwetu anafichwa nyuma ya spika, pale ndiye aliyekuwa shoo.

Nililia, nasema kweli.

Tusidanganyane kuhusu kazi yenyewe. Wengi wanadhani mpiga biti wa singeli anachukua muziki wa wenzake na kuukimbiza, basi. Jaribu uone. Ukikimbiza kipande cha sebene kwa mtindo wa zamani wa kanda, sauti inapanda pamoja na kasi: gitaa linakuwa ndege, besi inakuwa kama ngoma ndogo, uzito wote unapotea. Inabidi ujue kipande kipi kitavumilia, ukikate wapi ili mzunguko usikwaruze, na chini yake utie ngoma ipi ya kurudisha uzito uliopotea. Halafu umwachie MC nafasi ya kupumua, ingawa hakuna nafasi. Hayo hayafundishwi popote. Mdogo wangu aliyajua kwa kukosea miaka minne.

Studio ya Sisso, prodyuza wa singeli, iko Mburahati, Dar, na mkusanyo wa nyimbo za pale ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya watu walewale wa tamasha. Mwaka uliofuata ikatoka albamu ya Poaa ya Bamba Pana, na mwaka 2019 Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Angalia majina yaliyo juu ya jalada. Ni ya maprodyuza! MC wamo ndani na wanasikika, lakini kazi imetoka kwa jina la aliyeijenga. Kwangu hilo lina uzito kuliko safari za Ulaya zilizofuata, ingawa safari nazo zilikuja.

Najua kuna watakaosema waanzilishi wa Nyege Nyege ni wageni waliohamia Kampala, na kwamba wageni wamezoea kuchukua vyetu. Hoja hiyo siipuuzi. Hata mimi pale Itanda nilijiuliza ni wangapi kati ya wanakijiji waliokuwa wakiuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na mahindi ya kuchoma nje ya geti waliomudu kiingilio. Swali la nani anashika pesa na haki za muziki ule ni la kuulizwa kila mwaka, na liulizwe na wanamuziki wenyewe, mkataba ukiwa mkononi. Lakini mtu anayewalaumu wageni kwa kusikiliza muziki wa Mburahati, aniambie kwanza yeye alikuwa wapi. Sisi tulikuwa tunauita uhuni. Vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, vilipigwa marufuku mtaa baada ya mtaa, na tulishangilia kwa sababu tulitaka kulala.

Tena muziki huu haukuanza kwa kompyuta. Mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia singeli, ulikuwa na kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na spika chakavu, kwa sababu bendi kamili ilikuwa ghali. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, nyimbo za larakaraka za harusi za Waacholi nazo ziliingizwa kwenye kompyuta kwa sababu hiyohiyo: kundi zima la wapigaji lilikuwa gharama, kompyuta moja ikabeba harusi. Baadaye akina Otim Alpha wa Gulu walipanda jukwaa moja na vijana wa Dar na kundi la Duma la Nairobi, wale waliochanganya muziki mzito wa metali na mashine mpaka hujui unasikiliza nini. Wote wanatoka kwenye uhitaji, na wote wamepatengeneza mahali ambapo hapakuwepo.

Ninachokitaka hapa nyumbani ni kidogo, na ndiyo maana kinaniuma. Jina la prodyuza liandikwe kwenye bango, saizi ileile ya MC. Malipo yake yapangwe kabla ya shoo, na yasiitwe nauli. Apewe muda wa kupima sauti, maana promota yuleyule anayempa MC nusu saa ya kujaribu maiki humwambia mpiga biti achomeke tu waya aanze. Na tupate jukwaa letu, hata dogo, Mburahati au Tandale kwenyewe, mchana kama usiku unawakera majirani, ambapo kompyuta inakaa mbele na anayeipiga anaonekana uso. Tamasha la Sauti za Busara limekuwa likikusanya watu Zanzibar tangu 2004 kwa ajili ya muziki wa ala zinazopigwa papo hapo, na nalipenda. Ila vidole nilivyoviona Itanda vilikuwa vinapiga papo hapo pia.

Niliporudi nilikwenda Mbagala moja kwa moja, begi bado lina vumbi jekundu la Jinja. Nilimwonyesha mdogo wangu video zote kwenye simu. Hakuuliza habari za wazungu, wala malipo, wala maporomoko. Alirudisha nyuma sehemu moja mara tatu, akaikuza kwa vidole, akaniuliza, "Kaka, ile meza ilikuwa inamfika wapi?"

Nikasimama, nikaweka mkono kiunoni. Akachukua futi ya fundi, akapima.