Dashibodi moja kwa skrini zote, au kila skrini na mpangilio wake?

Mganga mkuu wa wilaya anayetazama takwimu za chanjo kwenye simu akiwa njiani kwenda zahanati, na mchambuzi aliyeketi wizarani mbele ya skrini ya inchi 24, mara nyingi wanasoma dashibodi ileile, yaani ukurasa mmoja uliokusanya chati na tarakimu muhimu. Ndivyo mambo yalivyo kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda nazo zinautumia. Aliyeipanga dashibodi hiyo kwa kawaida aliipanga kwenye kompyuta, na macho yake hayakuwahi kukutana na tatizo la msomaji wa simu.

Kwa hiyo swali linalowagawa wabunifu ni hili: tujenge mpangilio mmoja unaojipanga upya kadiri skrini inavyopungua, au tupange mitatu, wa simu, wa kishikwambi na wa kompyuta, kila mmoja kwa mkono?

Watengenezaji wa zana za kujengea dashibodi wenyewe hawajakubaliana. Power BI ina ukurasa wa kompyuta, kisha inakupa turubai ya pembeni upange ya simu. Tableau inakuruhusu kutengeneza sura tofauti kwa kila aina ya kifaa. Grafana imechagua njia nyingine: paneli, yaani visanduku vya chati, hukaa kwenye gridi ya safu 24, na skrini ikiwa nyembamba zinapangwa moja chini ya nyingine. DHIS2 nayo huzipanga hivyo kwenye simu, na haimruhusu mtumiaji kuzihamisha akiwa kwenye skrini ndogo.

Hoja kubwa ya mpangilio mmoja ni matunzo. Dashibodi ya kazi haikai kama ilivyozaliwa. Kila robo mwaka kuna kiashiria kinachoongezwa na kingine kinachoondolewa. Ukiwa na mipangilio mitatu, lazima mtu akumbuke kukiweka mara tatu. Kwenye Power BI, chati mpya uliyoiongeza kwenye ukurasa wa kompyuta haihamii yenyewe kwenye mpangilio wa simu. Itaonekana pale mtu atakapoiweka. Matokeo yake ni kikao ambacho wenye kompyuta wanajadili kiashiria ambacho wenye simu hawakioni kabisa, wala hawajui kwamba kipo. Hilo ni kosa zito kuliko chati mbaya, kwa sababu chati mbaya angalau inajulikana kuwa mbaya.

Hoja ya pili ni kwamba vifaa si vitatu. Kuna simu zinazokunjika, kuna dirisha la kivinjari lililobanwa nusu ya skrini, na kuna mtu mwenye uoni hafifu anayekuza ukurasa hadi asilimia 400. Kompyuta yenye upana wa pikseli 1280 ikikuzwa kiasi hicho, ukurasa unabaki na pikseli 320 tu za kujipangia. WCAG 2.1, mwongozo wa kimataifa wa kurahisishia watu wenye ulemavu matumizi ya tovuti, unataka maudhui yasomeke kwa upana huo bila kusogeza ukurasa kulia na kushoto, ingawa umeacha nafasi kwa majedwali ya data na ramani. Mfumo unaoamua kwa kuuliza "hii ni simu au kompyuta?" utamhesabu mtu huyu kuwa mtumiaji wa kompyuta, umpe safu nne, na umwache akihangaika.

Lakini mpangilio mmoja unaojikunja vizuri ni kazi ya ufundi, na mitego yake inajirudia. Chukua mstari unaopendwa sana wa CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, `repeat(auto-fit, minmax(300px, 1fr))`. Unasema: weka kadi (visanduku vya chati au tarakimu) nyingi kadiri zinavyoenea, kila moja isipungue pikseli 300. Kwenye simu ya pikseli 320, ukitoa 24 kila upande, zinabaki 272. Kadi inadai 300, inatokeza kwa 28, na ukurasa mzima unaanza kuyumba kila kidole kinapousogeza. Dawa ni `minmax(min(100%, 300px), 1fr)`. Mtego wa pili: safu ya `1fr`, yaani inayopewa fungu moja la nafasi iliyopo, haikubali kusinyaa chini ya kile kilichomo ndani yake. Simu ikiwa imelala, chati inachorwa kwa pikseli 700. Ukiisimamisha, chati inang'ang'ania 700 zake. Kinachotakiwa ni `minmax(0, 1fr)`, au `min-width: 0` kwenye kadi. Watu wengi hulaumu maktaba ya chati wakati kosa liko kwenye gridi.

Kishikwambi ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachoshikwa na watu wa nyanjani. Tanzania ilifanya Sensa ya 2022 kwa vishikwambi, kwa hiyo hatuzungumzii kifaa cha anasa. Kanuni ya kawaida husema: kuanzia pikseli 768, safu mbili. Sasa piga hesabu kikiwa kimesimama. Toa menyu ya pembeni yenye 240, zinabaki 528. Toa pambizo za 24 kila upande, zinabaki 480. Toa nafasi ya 16 kati ya kadi, gawa kwa mbili: kila kadi inapata 232. Hiyo ni chini ya kadi ya simu! Kanuni iliuliza upana wa skrini, wakati iliyotakiwa kuulizwa ni nafasi ambayo kadi imepewa. Ndiyo maana sharti la CSS la `@container`, linalopima kasha lililobeba kadi badala ya skrini, limebadilisha mjadala huu. Vivinjari vikuu vyote vinalikubali tangu Firefox ilipolipokea mwanzoni mwa 2023. Andika msingi wa safu moja, kisha uweke safu mbili ndani ya sharti kwamba kasha limefika pikseli 600. Simu ya zamani isiyojua `@container` italiruka na kubaki na safu moja inayosomeka.

Upande wa pili, wa mipangilio tofauti, una hoja ambayo mitambo hiyo yote haiijibu. Kukunja kunapanga upya visanduku. Hakugusi kilichomo ndani. Jedwali la kaunti 47 za Kenya kwa miezi 12 lina visanduku 564. Kwenye simu ya pikseli 360, jina la kaunti likichukua 110, zinabaki 250, na kila mwezi ukihitaji 60 utaona miezi minne. Unaweza kuigandisha safu ya majina na kuacha miezi isogee chini ya kidole, na kwa mtu anayetafuta tarakimu moja hilo linatosha. Wengine huligeuza jedwali kuwa kadi, kaunti moja kadi moja. Mimi silipendi hilo kwa dashibodi, kwa sababu jedwali liko pale ili macho yalinganishe mstari na mstari, na kadi zinavunja ulinganisho huo.

Chati ya nguzo ni vivyo hivyo. Nguzo 47 zilizosimama ndani ya pikseli 328 zinapata takriban 7 kila moja pamoja na pengo lake. Majina yanageuzwa wima na hayasomeki. Kidole hakiwezi kuigusa moja bila kugusa ya jirani: Apple inashauri eneo la kugusa lisipungue pointi 44, Google inasema dp 48 (dp ni kipimo chake cha skrini), na hata WCAG 2.2, ambayo ni ya huruma zaidi, inataka pikseli 24. Ukizilaza nguzo hizohizo, kila moja ikapata urefu wa 24, chati inakuwa na urefu wa 1128. Mtu anateremka nayo kama orodha ya majina kwenye simu, na kila jina linasomeka. Data ni ileile, picha si ileile. Hapa watetezi wa mipangilio tofauti wana haki kabisa.

Na kuna jambo linalogusa ukweli wenyewe wa takwimu. Kiwango kikipanda kutoka 40 hadi 60 kwa mwezi mmoja, kwenye chati yenye kimo cha pikseli 200 na mhimili wa 0 hadi 100, mstari unapanda pikseli 40. Kwenye skrini pana ambapo miezi 12 imetandazwa kwa pikseli 1600, mwezi mmoja ni kama 145, na mstari unainuka kwa nyuzi 15 hivi. Kwenye simu, miezi hiyohiyo ndani ya 330 inaacha 30 kwa mwezi, na mstari unainuka kwa nyuzi 53. Wa wizarani anaona mwinuko mdogo, wa kwenye gari anaona mlipuko. Hakuna aliyedanganya, lakini wataingia kwenye kikao wakiwa na wasiwasi wa viwango viwili. Chati isiachwe kutanuka bila kikomo: `max-width` (ukomo wa upana) kwenye kompyuta, kimo kinachoendana na upana, na tarakimu ya badiliko iandikwe kando ya mstari, kwa sababu tarakimu haipindi.

Mpangilio wa kukunja una udhaifu mwingine: mfuatano. Kwenye kompyuta vichujio, yaani vitufe vya kuchagua kipindi au eneo, hukaa pembeni kwa raha. Vikikunjwa, ama vinapanda juu na kuisukuma namba muhimu chini ya skrini ya kwanza, ama vinateremka mwisho ambako hakuna anayefika. Baadhi huvihamisha kwa `order` ya CSS, lakini hiyo hubadilisha wanachokiona wenye macho tu. Anayetumia kisoma skrini au kibodi anaendelea na mfuatano wa HTML, yaani msimbo wa maudhui ya ukurasa. Ni bora HTML iandikwe kwa mfuatano wa simu tangu mwanzo, kisha gridi ya kompyuta ndiyo ipange upya, na kwa kiasi. Vichujio vibaki kitufe kimoja kinachoonyesha kilichochaguliwa, kwa mfano "Machi 2025, Wilaya zote".

Kuficha nako si suluhisho. `display: none` inaificha chati machoni, lakini msimbo unaoagiza data yake ukishaenda, umeenda, na msomaji amelipia kwa bando lake kitu asichokiona. Agiza data pale kadi inapokaribia kuonekana, kwa `IntersectionObserver`, kipengele cha kivinjari kinachotambua kitu kinapoingia kwenye skrini.

Uamuzi wangu hauko katikati. Orodha ya viashiria iwe moja na mfuatano uwe mmoja kwa skrini zote, na hapo nisingelegeza. Lakini kila kadi iruhusiwe kuwa na sura mbili, nyembamba na pana, na ichague yenyewe kwa nafasi iliyopewa: nguzo zilizolala au zilizosimama, jedwali lote au mwezi wa mwisho pamoja na badiliko lake. Mpangilio wa simu uliotengwa kabisa nauona halali pale tu kazi inapokuwa tofauti. Muuguzi anayeingiza dozi alizotoa leo hafanyi kazi ya anayelinganisha wilaya, na anastahili skrini yake. Ukiwa na zana inayokulazimisha kutenganisha, basi dashibodi isichapishwe mpaka mpangilio wa simu uwe na viashiria vyote.

Gharama ipo. Kadi 12 zenye sura mbili ni sura 24 za kujaribu, kwa upana wa 320, 360, 768, 1024, 1366 na 1920, tena kifaa kikizungushwa. Timu ya watu wawili itaelemewa, na kwa timu hiyo ningesema punguza kadi kabla ya kupunguza majaribio. Jaribu pia kwa data inayokera: mwezi usio na ripoti, tarakimu kama 1,234,567, jina kama Elgeyo-Marakwet.

Na jaribu kwa Kiswahili chenyewe, si kwa vichwa vya mfano. "Asilimia ya watoto waliopata chanjo ya surua dozi ya kwanza" na "Asilimia ya watoto waliopata chanjo ya surua dozi ya pili" zinaenea vizuri kwenye kompyuta. Kwenye simu zote mbili zinakatwa na kuwa "Asilimia ya watoto waliopata…", na msomaji ana kadi mbili zenye jina moja, moja inasema 91, nyingine 74. Andika "Surua 1" na "Surua 2" mbele, maelezo yafuate kwenye mstari wa chini.