Ile 60 Ilikuwa 17

Kwanza asanteni kwa pole zenu. Pili, zirudisheni. Ile habari aliyoirusha Injinia kwenye grupu, kwamba "tumepata ajali tukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, jamaa yetu kapata mshtuko ila anaendelea vizuri", ina ukweli mmoja tu: naendelea vizuri.

Hatukuwa 60. Tulikuwa 17, kwenye lile gari lake lisilo na injini, la kusukuma kwa mikono. Simu ilikuwa mkononi mwangu na skrinishoti ninayo.

Najua kuna mtu hapo anasema, ndugu yangu, si ungenyamaza? Kaka mzima umezawadiwa ajali ya 60, unachechemea kidogo, watu wanakununulia soda, yanapita. Mtu ambaye cheni ya gari imemvua kanzu kwenye 60 ni manusura. Kwenye 17 ni kituko. Nimelifikiria hilo usiku kucha nikijigeuza kitandani, na nimeshindwa. Aibu naiweza. Hiyo 60 siiwezi.

Injinia mnamjua, hajasomea uinjinia, ni jina la kijiweni. Kuna siku alipata kile kipande cha video cha gari la Mmarekani mmoja wa Oregon, Charles Greenwood. Gari halina injini. Watu wanne wamekaa, kila mmoja kashika mpini, wanavuta na kusukuma, gari linakwenda. Usukani hakuna, wakitaka kukata kona wanaegemea upande huo wote kwa pamoja. Ni kitu kizuri, sikatai. Ila video ilipofika kwetu ilikuwa na maandishi kwamba linafika maili 60 kwa saa, na Injinia, mtu wa haki, akazigeuza kilomita: 96. Akatuita kijiweni, Ngamiani hapa Tanga, akasema anatengeneza lake. Petroli basi.

Nikamuuliza, 96 kwa nguvu za nani? Za kwako wewe unayepumzika katikati ya ngazi?

Nikamwekea hesabu mezani. Mtu mzima wa kawaida asiye mwanariadha akijikakamua kwa dakika kadhaa anatoa wati 150 hivi. Wanne ni 600. Farasi mmoja wa kwenye injini ni wati 746. Kwa hiyo sisi wanne, tukiwa tumeshiba, hatujafika farasi mmoja, na bodaboda ya pale kituoni ina karibu farasi wanane. Halafu kuna upepo. Ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wako, upepo unakudai nguvu mara nane, si mara mbili. Upepo hauna undugu.

Akanitolea Battle Mountain. Kumbe alikuwa amejiandaa! Ni kweli, kule Nevada mwaka 2016 Todd Reichert wa Kanada alifika kilomita 144.17 kwa saa kwa miguu yake mwenyewe, kwenye baiskeli inayoitwa Eta. Kijiwe kizima kikapiga makofi. Nikasema ngojeni. Yule yuko peke yake, amelala chali, magurudumu mawili, amefunikwa gamba laini kuanzia kidole cha mguu hadi utosini. Hata dirisha hakuna, anaangalia barabara kwa kamera. Anaanzia mbali, kilomita nane hivi za kukusanya mwendo, kisha anapimwa kwenye mita 200 tu. Na kule ni juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi. Sisi bahari ipo hapo, mtu akitupa nyavu anavua. Tumekaa wima wanne, vifua mbele, na mmoja wetu ni Bonge.

Injinia akanijibu: "Yeye haoni njia anafika 144. Sisi tunaona."

Hapo nikakosa la kusema. Nikatamka lile neno mnalonitumia sasa hivi inboksi kwa vicheko: likizidi 30 navaa dera wiki nzima. Nikajiteua na kuwa mpimaji. Sikutaka mtu mwingine ashike simu.

Mashine yenyewe aliichomelea fundi mmoja wa mageti. Mabomba ya skwea, magurudumu ya baiskeli, cheni ndefu iliyoungwa kutoka baiskeli mbili. Cheni ya upande wa kushoto inapita usawa wa kifundo cha mguu cha anayekaa mbele kushoto. Haina kava. Nikauliza kava liko wapi, fundi akasema kava linaongeza uzito. Na ile fraiwili, ambayo kwenye baiskeli yako inakuwezesha kuacha kukanyaga huku tairi linazunguka? Aliichomelea ikashikana. Maana yake tairi likizunguka mpini unakwenda, utake usitake. Mkiona mtu amechomelea fraiwili, ondokeni.

Siku yenyewe ikawa Ijumaa baada ya swala, maana ndipo watu wote wanapatikana. Nikatoka msikitini na kanzu yangu nyeupe, nikapandishwa mbele kushoto. Injinia mbele kulia. Nyuma Bonge na kijana mmoja wa kuosha magari.

Tukaanza. Jamani, ni raha! Nyie mnaojua kupiga kasia mtaelewa, mnavuta kwa pamoja na kile chuma kinaguna, kinaondoka. Simu ikasema 9. Ikasema 12. Injinia akapiga kelele "Tunapaa!" Mpini ukawa unanipiga kifuani kila ukirudi. 15.

Hapo akatokea mzee mmoja na baiskeli, magunia mawili ya mkaa nyuma, akaja ubavuni kwetu taratibu.

"Shikamoo mzee," tukasema wote wanne.

"Marahaba wanangu. Imewazimikia?"

"Hapana mzee, tunapima spidi."

Akatuangalia. Akaangalia mpini, akamwangalia Bonge. "Haya. Mungu awafikishe." Akatupita na mkaa wake. Injinia ile sehemu hakuiweka kwenye grupu.

Ndiyo tukaongeza. Kwa hasira. 16. 17. Niliinua simu nimwonyeshe, na kuinua mkono kukavuta kanzu, na upindo wa kanzu ukashuka pale kwenye cheni.

Kwanza nilihisi kama mtu ananiita. Mguso mdogo pajani, wa heshima. Nikatazama kulia, Injinia mikono yote iko kwenye mpini. Mguso wa pili ukawa wa kudai. Nikatazama chini. Spoketi ilikuwa imeng'ata upindo na inameza jino moja moja, bila haraka, na pale ilipopita kanzu ilikuwa inaingia nyeupe na kutoka ya rangi ya grisi. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Injinia, simamisha." Injinia akasema, "Usikate tamaa!"

Breki ilikuwa kuacha kusukuma. Lakini kuacha kusukuma hakupo, fraiwili imechomelewa.

Kanzu ikanikaza mabegani. Kola ikanishika koo. Nikaanza kuinama upande wa kushoto, si kwa kupenda, ninashushwa, uso wangu unaifuata nguo kule inakokwenda. Niliiona spoketi kwa karibu kuliko nilivyowahi kuiona spoketi yoyote. Kuna jino moja lilikuwa limevunjika ncha. Na sasa kumbukeni, gari hili linakata kona kwa kuegemea. Mimi nimeegemea kushoto mpaka pua iko kwenye grisi. Gari, lenye utii kuliko Injinia, likaanza kwenda kushoto. Bonge na mwenzake kule nyuma wakaona wa mbele ameinama, wakajua kona imeagizwa. Wakaegemea na wao, kwa nguvu zote, Bonge akatangulia.

Kushoto kulikuwa na mwembe. Chini ya mwembe kulikuwa na mikeka. Juu ya mikeka walikuwa akina mama wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, na katikati yao lile sanduku la kufuli tatu, limefunguliwa, wanahesabu.

Hebu jiwekeni pale. Umekaa unahesabu hisa za wenzio, mara wanaume wanne wanatoka barabarani kimya kimya, gari halina hata mlio, linakuja sandukuni moja kwa moja, na wa mbele amejificha uso. Mama mmoja akapiga ukelele, "Wezi!" Hakukimbia mtu. Wakalala juu ya sanduku. Wote.

Mimi sikuwaona, niliwasikia. Nikasema "Mama!" Hilo Injinia amelisema na ni kweli, nililisema.

Kisha kanzu ikatoa ule mlio wa khaa, ikaanzia kwapani, ikazunguka kiunoni, ikaondoka. Yote ya chini ikaenda kujizungusha kwenye spoketi, ikajaa, cheni ikagoma. Gari likasimama papo hapo. Breki ya mashine ile ni kanzu yangu, fundi aniandikie hati. Gari lilisimama, mimi sikusimama. Nikatua kwa magoti na viganja kwenye ukingo wa mkeka, nimebaki na kola, mikono miwili na kipande cha kifua, na chini yake bukta. Nyekundu, ya Simba, ya mdogo wangu. Mimi Yanga. Msiniulize.

Nikainua kichwa.

Mbele yangu, ameshika funguo moja kati ya zile tatu, alikuwa mama mkwe.

Nyie mlio mbali na huku labda mnacheka tu. Mimi huyu mama nikimsikia kikohozi cha mlangoni huwa natafuta shati. Siku za kwake nakaa ukingoni mwa kiti. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kumwonyesha goti. Sasa ameyaona yote mawili kwa mpigo, na grisi kwenye pua.

Kimya. Sijui ni akili gani iliyonituma. Nikiwa vilevile, magoti na viganja chini, nikasema:

"Shikamoo mama."

Akayainua macho kwenye mwembe, akachagua embe moja akaliangalia hilohilo. "Marahaba mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, mama."

"Na watoto?"

"Wazima, mama."

Tukamaliza salamu yote. Bonge anasema ilikuwa fupi. Bonge hakuwa ndani ya bukta ile.

Mama mmoja wa pembeni ndiye aliyenirushia khanga. Jina la khanga mimi sikulisoma. Wenzangu walilisoma, na ndilo wanaloniita tangu jana, kwa hiyo wale mnaouliza lile jina jipya limetoka wapi, limetoka hapo.

Mengine ni ya kawaida. Hakuna aliyeumia. Uji wa akina mama ulimwagika, tumelipa. Hesabu zao zilirudiwa mwanzo, hela zilitimia. Jioni Injinia akaandika ile 60 yake kwenye grupu, na kabla ya isha ilikuwa imefika kwa mama mkwe, maana asubuhi amempigia mke wangu simu: amkanye mumewe kukimbiza magari, ana watoto wadogo. Mke wangu akanihubiria mwendo kasi mbele ya chai. Nikamwonyesha simu: 17. Akaitazama muda mrefu, halafu akatoka nje, na nikamsikia kule uani anacheka peke yake.

Skrinishoti nimemtumia na mama mkwe pia. Ameiona, hajajibu.

Dera silivai, 17 si 30. Injinia yeye hajakubali. Anasema hesabu zangu zilikuwa sawa kwa tambarare, ila 60 ingefika pale tulipokuwa tunaelekea, kwenye mteremko. Mteremko upi? Ngamiani hii? Anayeufahamu huo mteremko aniandikie hapa chini.