Msomi wa tabianchi arudi shehiani

Vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaomaliza shahada ya kwanza siku hizi wanaulizana habari za uzamili wa tabianchi. Nawaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu visiwa hivi vinahitaji wasomi wa jambo hili kuliko vinavyohitaji mahoteli mapya. Ila nina sharti: asiende mtu akasomea mvua na joto la bahari tu, watu akawaacha nje ya hesabu.

Mafunzo ya kuviunganisha viwili hivyo yapo. Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kilianzisha mwaka 2004 uzamili wa Tabianchi na Jamii, wa miezi 12, unaowakalisha darasa moja aliyesoma fizikia na aliyesoma uchumi au siasa. Hapa karibu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake cha masomo ya mabadiliko ya tabianchi. Kwa hiyo sisemi kwamba hakuna pa kusoma. Linalonishughulisha ni swali ambalo kijana wetu anaondoka nalo nyumbani.

Chukueni mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kisha kikashika Pemba, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Aina inayoitwa spinosamu ni mvumilivu lakini bei yake ni ndogo. Aina ya pili, kotonii, ndio wenye bei, nao ndio usiovumilia joto. Maji ya karibu na ufukwe yalipozidi kupata moto, kotonii ukawa unaugua na kukatika kwenye kamba, na vijiji vingi vikabaki na spinosamu peke yake.

Mtaalamu wa bahari atakwambia kotonii upelekwe kwenye maji ya kina, huko kuna nafuu. Kasema kweli. Sasa nenda Paje ukaulize nani ataufuata huko. Akina mama wengi wa pwani hawakulelewa kwenye kuogelea. Vyombo ni vya wanaume. Kazi ya mama inakwenda na bamvua: maji yakikupwa sana anaingia kwa miguu, anafunga mbegu zake, anarudi kwake kabla bahari haijajaa. Ukimpeleka kwenye kina, ahitaji chombo, ahitaji wa kumpeleka, na pato lililokuwa lake sasa lina wa kugawana naye. Mtu aliyesomea joto la maji tu hawezi kuyaona haya, hata awe hodari vipi. Ndiyo maana nataka watu wanaoweza kusoma jedwali la joto asubuhi na jioni wakakaa barazani wakasikiliza.

Utabiri nao ni hivyo hivyo. Kabla ya masika na vuli, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua za "wastani hadi juu ya wastani", na nyuma ya maneno hayo kuna kazi kubwa ya kitaalamu. Lakini mwenye bonde la mpunga Pemba anataka kujua amwage mbegu lini, na mvua ikishaanza itaendelea au itakatika njiani. Wazee wetu waliuhesabu mwaka wa Nairuzi, kalenda ya jua ya watu wa pwani, kwa miongo, siku kumi kumi, wakapanga kilimo na safari za baharini kwa hesabu hiyo. Sidai kwamba hesabu hiyo inatosha leo, misimu ikiyumba kama tunavyoiona. Nasema ilimfikia mkulima kwa namna anayoweza kuifanyia kazi, na utabiri wa sasa haujafika hapo. Hiyo ni tasnifu nzima, inamngoja mtu.

Wengine husema hawana sifa kwa kuwa walisoma historia au sheria. Jamani! Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ikawa hasa ya Pemba. Upepo ulimaliza kazi yake kwa muda mfupi. Nani alipanda upya, kwenye ardhi ya nani, kwa jasho la nani, katika nchi ambayo utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1897? Hayo ni ya mwanahistoria. Na aliyesoma dini pia ana nafasi: huko Misali, kisiwa kidogo karibu na Pemba kilichotangazwa hifadhi mwaka 1998, wavuvi walizungumzishwa kwa mafundisho ya Kiislamu juu ya amana ya viumbe. Takwimu zinajifunzika, msiziogope.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote. Watafiti wanakuja na vibali vyao, sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia, anawaitia watu, dodoso linajazwa, mama anaacha shamba lake la mwani na maji ndiyo kwanza yamekupwa. Kisha tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, inawekwa maktaba, na aliyetoa majibu hajui kilichosemwa juu yake. Ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Vyuo vyetu vinaweza kuliondoa hili bila gharama kubwa. Mwanafunzi yeyote aliyekusanya taarifa katika shehia aandike kurasa tano au sita za Kiswahili cha kueleweka, azipeleke pale pale, azisome mbele ya watu kabla ya kuwasilisha tasnifu yake. Afanye hivyo wakati wa maji mafu, akina mama wakiwa hawapo baharini. Wakimwambia hapa umekosea, aandike walivyosema, na msimamizi wake ayaone masahihisho hayo kabla ya kutia saini.